Mechi Nane kwa Siku Ishirini na Nane: Somo la Ratiba na Kikosi kutoka Södertälje

Mhariri aliniomba niandike kitu cha kiuhandisi ambacho hakitawasinzisha watu. Nikafikiri, nikaona heri nipitie kwenye kandanda, maana hilo ndilo somo ambalo kila mtu wa kwetu ana shahada yake hata kama hajawahi kukanyaga darasani. Sote ni makocha. Tofauti ni kwamba wengine wanalipwa.

Swali la leo ni hili: timu ndogo, yenye wachezaji wachache na fedha kiduchu, inapobanwa na mechi nyingi katika muda mfupi, ifanye nini? Ipiganie kila kombe? Iache mashindano fulani? Na nani aamue: kocha, daktari, au mashabiki wanaopiga kelele jukwaani? Nitajaribu kuonyesha kwamba jibu linaanzia kwenye hesabu za shule ya msingi. Mwishoni nitawaeleza kwa nini nalijali jambo hili kuliko zamani, na nitawaachia zoezi.

Kwa nini Södertälje

Kwa ambao hawajafika: Södertälje ni mji ulio kusini-magharibi ya Stockholm, kilomita 35 hivi, unafika kwa treni ya abiria ya kila siku. Ndipo yalipo makao makuu ya Scania, wale wa malori mnayopishana nayo kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba, au kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Ni mji wa viwanda na ni mji wa wahamiaji. Jamii kubwa ya Waashuri na Wasiria, waliotoka Uturuki, Syria, Lebanon na Iraki, ilijenga maisha hapa, na ikajenga timu za mpira. Assyriska FF ilianza mwaka 1974, Syrianska FC mwaka 1977.

Timu hizi mbili ni darasa zuri kwa sababu zilikwea ngazi kutoka madaraja ya chini kabisa hadi ligi kuu ya Sweden, Allsvenskan. Assyriska ilicheza huko mwaka 2005. Syrianska ilitwaa ubingwa wa daraja la pili, Superettan, mwaka 2010, ikacheza ligi kuu kuanzia 2011 hadi 2013. Zote mbili ziliburuza mkia katika msimu wao wa mwisho huko juu, zikashuka, na baadaye zikateremka hadi chini ya Superettan. Kwa maneno mengine, zimepitia yote ambayo timu ndogo inaweza kuyapitia.

Halafu kuna uwanja. Timu zote mbili zimekuwa zikitumia Södertälje Fotbollsarena, uwanja wa nyasi bandia unaochukua watu wapatao 6,400. Mwaka 2010 zote zilikuwa Superettan. Ligi ile ina timu 16, kwa hiyo kila timu inacheza mechi 30, kati ya hizo 15 nyumbani. Mbili mara kumi na tano ni mechi 30 za ligi kwenye kapeti moja, bila kuhesabu mazoezi, kombe, wala timu za vijana. Nyasi za kawaida zingegeuka shamba la mpunga. Kumbe basi kabla hujazungumzia miguu ya wachezaji, hata uwanja wenyewe una ratiba iliyobanana.

Hesabu ya kwanza: wiki

Kwetu ligi huanza mwezi wa nane na kumalizika mwezi wa tano au wa sita mwakani. Hapa haiwezekani, kwa sababu msimu wa baridi unaifanya ardhi kuwa zege. Ligi ya Sweden inaanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kumalizika Novemba. Tuchukue Aprili mwanzoni hadi Novemba mwanzoni: ni wiki 31 hivi. Toa mapumziko ya kiangazi, tuseme wiki nne. Zinabaki 27.

Sasa weka mechi 30 za ligi ndani ya wiki 27. Tayari umezidisha mechi tatu. Timu ikishinda shinda kwenye kombe, ongeza mechi tatu nyingine. Jumla ni 33. Kwa hiyo wiki sita katika msimu zitakuwa na mechi mbili mbili.

Mtu atasema, "Wiki sita tu? Mbona si nyingi?" Naam, zingetawanyika vizuri zisingekuwa na shida. Lakini haziji kwa kutawanyika. Zinakuja kwa mkupuo, kama daladala: unakaa kituoni nusu saa hakuna kitu, halafu zinakuja nne kwa pamoja. Mvua kubwa, kombe, mechi za timu za taifa, mapumziko yaliyorefushwa, vyote vinazisukuma mechi kwenye kona moja ya kalenda.

Watanzania wana neno tamu la jambo hili: viporo. Mechi iliyoahirishwa ni kiporo, chakula cha jana kinachosubiri kupashwa moto leo. Mfano mzuri ni Simba katika msimu wa 2018/19. Ligi ya Tanzania Bara ilikuwa na timu 20, yaani mechi 38 kwa kila timu. Wakati huohuo Simba ilikuwa Ligi ya Mabingwa Afrika ikafika robo fainali, ambako ilitolewa na TP Mazembe: sare tasa Dar es Salaam, kisha kipigo cha 4-1 Lubumbashi mwezi Aprili 2019. Huku nyuma viporo vilijaa jikoni. Simba ilivila vyote na ubingwa ikachukua, lakini ilikuwa na kikosi kipana na mfuko mzito. Jiulize timu ya katikati ya jedwali, inayosafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, ingevila vipi.

Na safari si mchezo hata hapa. Mwaka huohuo wa 2010, Superettan ilikuwa na Sundsvall upande wa kaskazini, kilomita kama 400 kutoka Södertälje, na Ängelholm kule kusini, zaidi ya kilomita 450. Ukicheza Jumamosi upande mmoja na Jumatano upande wa pili, siku ya mapumziko inaishia kwenye kiti cha basi.

Mwili unasemaje

Hapa tuwape watafiti nafasi yao. Sweden ina jina katika elimu hii: profesa Jan Ekstrand wa Linköping na wenzake wamekuwa wakifuatilia majeraha katika klabu kubwa za Ulaya kwa niaba ya UEFA tangu 2001. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya miaka 11. Waliposhindanisha mechi za ligi zilizochezwa baada ya mapumziko ya siku nne au pungufu na zile zilizochezwa baada ya siku sita au zaidi, majeraha ya misuli yalikuwa juu kwa karibu theluthi moja kwenye zile za mapumziko mafupi.

Utafiti mwingine wa Gregory Dupont na wenzake, uliotoka 2010, uliifuatilia timu moja ya kiwango cha juu. Wachezaji walipocheza mechi mbili kwa wiki, majeraha yalikuwa 25.6 kwa kila saa 1,000 za mazoezi na mechi. Walipocheza moja, yalikuwa 4.1. Karibu mara sita! Na sikiliza hili, maana ndipo penye mtego: mbio zao uwanjani hazikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Umbali waliokimbia ulikuwa karibu uleule.

Sisi wa uhandisi tunalijua jambo hili kwa jina la uchovu wa chuma. Ekseli ya lori haikwambii kwamba imechoka. Inabeba mzigo leo, inabeba kesho, kwa macho iko vilevile, halafu siku moja inakatika mlimani. Kwa hiyo kocha anayesema "kijana yuko fiti, nimemwona anakimbia" hajasema kitu. Kukimbia si ushahidi.

Tena hao waliochunguzwa ni watu wanaolala hoteli nzuri na kukandwa kila siku. Kwenye madaraja ya chini mchezaji anatoka zamu ya kiwandani saa tisa alasiri, anafika mazoezini saa kumi na moja. Masaa nane ya kusimama ni mzigo ambao hauandikwi kwenye karatasi ya kocha.

Hesabu ya pili: dakika

Makosa ya wengi ni kuhesabu wachezaji. "Tuna wachezaji wa ndani 20, watatosha." Mhandisi anahesabu dakika. Tufanye mfano.

Timu yetu ina mechi nane ndani ya siku 28, yaani mechi moja kila baada ya siku tatu na nusu. Daktari ameweka kikomo cha mfano: hakuna mchezaji wa ndani atakayezidi dakika 450 katika kipindi hicho, sawa na mechi tano kamili. Kipa tumwache pembeni.

Mahitaji: wachezaji 10 wa ndani mara dakika 90 mara mechi 8 ni dakika 7,200. Uwezo: wachezaji 20 mara dakika 450 ni dakika 9,000. Tuna ziada ya dakika 1,800. Mwenyekiti anacheka, anaagiza soda.

Subiri kidogo. Tuangalie mabeki wa kati peke yao. Nafasi ni mbili. Mbili mara 90 mara 8 ni dakika 1,440. Timu ina mabeki wa kati watatu. Watatu mara 450 ni dakika 1,350. Tumepungukiwa dakika 90, mechi moja kamili ya mtu mmoja.

Umeona? Kikosi kizima kina ziada ya dakika 1,800 na bado kuna upungufu. Ziada ya mawinga haikusaidii kuokoa mpira wa kichwa kwenye boksi. Kiwandani tunasema hivi: kasi ya mstari mzima wa uzalishaji inaamuliwa na mashine iliyo na foleni. Ukinunua mashine nyingine mahali pasipo na foleni umetupa pesa. Timu ngapi kwetu husajili washambuliaji wanne dirisha dogo, halafu mwezi wa tatu kiungo mkabaji anahamishiwa nyuma huku anachechemea?

Dakika 90 zile utazipata wapi? Njia ni tatu. Ya kwanza, kuwabana wale wale watatu wavuke kikomo. Karatasi itakubali, misuli itakataa. Ya pili, kubadilisha wachezaji mapema. Tangu 2020, wakati wa korona, timu ziliruhusiwa kubadilisha watano, na mwaka 2022 sheria hiyo ikawa ya kudumu. Inasaidia, ila huwezi kuipangia tangu mwanzo, maana kumtoa beki wa kati mnapoongoza bao moja ni ujasiri wa aina yake. Ya tatu, kumpa kijana wa timu ya vijana mechi moja kamili. Na hapo ndipo swali la vipaumbele linapozaliwa: mechi ipi?

Hesabu ya tatu: kila mashindano yana bei

Kuchagua si dharau. Liverpool, yenye fedha zote zile, iliwahi kukutwa na mechi mbili katika siku mbili. Tarehe 17 Desemba 2019 ilicheza robo fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Aston Villa, na kesho yake nusu fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia huko Doha dhidi ya Monterrey. Vijana wakapelekwa Villa, wakala tano bila. Wakubwa wakashinda 2-1 Doha, wakaenda kulichukua kombe la dunia, na msimu ule wakatwaa ligi ya Uingereza. Wale watoto hawakutolewa kafara kwa bahati mbaya. Ilikuwa bei, na ililipwa kwa kujua.

Nyumbani tunalo Kombe la Mapinduzi, Zanzibar, kila Januari. Kila mwaka ubishi ni uleule vijiweni: Simba na Yanga wapeleke kikosi cha kwanza au cha pili? Mwenye kupeleka vijana huambiwa ameyadharau mashindano. Mimi nasema mashindano yenye heshima ndiyo mahali pazuri pa kumpima kijana. Ukimngojea fainali ya ligi ndipo umjaribu, umemwonea.

Sasa turudi Södertälje, kwa sababu kuna historia inayonisuta mimi mwenyewe ninayependa kusema "acheni kombe". Mwaka 2003 Assyriska, timu ya daraja la pili, ilifika fainali ya Kombe la Sweden. Ilifungwa na Elfsborg 2-0. Kwa jamii iliyokuja na mabegi, kusimama kwenye fainali ya taifa ni kitu kisichopimwa kwa pointi. Nani angemwambia kocha yule apeleke vijana?

Lakini tazama mwaka uliofuata. Mwaka 2004 Assyriska ilimaliza ya tatu Superettan, ikaenda kucheza mchujo na Örgryte, ikashindwa. Ilidhaniwa yamekwisha. Kisha Örebro ikanyimwa leseni ya ligi kuu kwa sababu za kifedha, na nafasi ile ikaenda kwa Assyriska. Fikiria sasa: nafasi ile ya tatu ilijengwa na pointi za mechi za kawaida, zile za katikati ya wiki, mvua inanyesha, jukwaa nusu tupu. Hakuna aliyejua siku ile kwamba pointi moja ya sare ingekuja kuwa tiketi ya ligi kuu. Fainali ilileta fahari, nafasi ya tatu ilileta Allsvenskan. Timu yenye busara haisemi kombe halina maana. Inajua tu inacholipa na inachonunua.

Na wakati mwingine dawa iko juu ya uwezo wa klabu. Kuanzia msimu wa 2012/13 Kombe la Sweden lilihamishwa kwenye kalenda: hatua za mwanzo zinachezwa kabla ya majira ya baridi, na makundi yanachezwa Februari na Machi kabla ligi haijaanza. Foleni ikapungua bila mtu kusajili beki hata mmoja. Viongozi wa mashirikisho yetu wanaweza kujifunza hapo.

Kisa chetu

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika haya. Nilikuwa katibu wa timu ya wanafunzi. Si timu ya maana, ni ile ya kukusanyana jioni kupambana na upweke. Tulikuwa na mechi Jumatano na nyingine Jumapili, katika wiki ya mitihani. Katikati tukaalikwa bonanza la Ijumaa. Jezi mpya, nyama choma, watu kutoka miji mingine. Nikajibu ndiyo kabla hata sijafungua kalenda. Nani anakataa nyama choma?

Beki wetu wa kati, mdogo wangu mmoja kutoka Kisumu, aliniambia, "Kaka, mguu unavuta kidogo." Nikamwambia, "Cheza kipindi cha kwanza tu, utapumzika Jumapili." Alikuwa ametoka kufanya usafi ofisini tangu alfajiri, maana ada ya wanafunzi kutoka nje ya Ulaya, iliyoanza hapa mwaka 2011, haijilipi. Dakika ya thelathini na kitu akashika nyuma ya paja, akakaa chini. Msuli ulichanika. Alikaa wiki saba bila kazi. Kodi ya chumba tulimchangia, mtihani mmoja akaurudia, na lawama hakunitupia hata siku moja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilikuwa nasomea mambo ya kupanga uzalishaji! Naweza kukupangia mashine 40 zisigongane, na nilishindwa kumhesabia mtu mmoja: zamu, mtihani, mechi, bonanza. Sikukosa elimu. Nilikosa kukaa chini dakika kumi na kalamu.

Zoezi

Basi ndugu zangu, chukueni kalamu. Timu ina mechi 10 ndani ya siku 35: saba za ligi, mbili za kombe, moja ya kirafiki. Beki wa kulia wa kwanza ana kikomo cha dakika 540. Msaidizi wake anafanya kazi za usiku, kwa hiyo kikomo chake ni 300. Je, wanatosha? Kama hawatoshi, utafanya nini? Usisome aya inayofuata kabla hujajibu.

Jibu: mahitaji ni 10 mara 90, yaani dakika 900. Uwezo ni 540 na 300, yaani 840. Upungufu ni dakika 60. Wengi nilioulizia swali hili wamekimbilia kwenye kombe: "Tuchezeshe kijana." Wengine: "Tusajili." Ni wachache waliosema: futa ile ya kirafiki. Ukiifuta, mahitaji yanakuwa 810, na unabaki na akiba ya dakika 30. Hujasajili, hujadharau kombe, hujamuumiza mtu. Umesema tu hapana, ahsante.

Nawaomba viongozi wa timu zetu za wanafunzi, Stockholm, London, Guangzhou, popote mlipo: kabla ya kukubali mwaliko, chora jedwali. Safu moja mechi, safu moja mitihani, safu moja zamu za kazi. Muulize kila mchezaji, na akikwambia mguu unavuta, mwamini. Mdogo wangu wa Kisumu amepona, na siku hizi ndiye katibu. Mwaliko wa bonanza ukija anafungua kwanza daftari lake, anahesabu kwa vidole, halafu ndipo ananiangalia.

Naomba kuwasilisha.